Shangazi, alama za watoto zimepanda ila sina uhakika kama ni sisi tuliozipandisha

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie maana hili jambo limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa na ofisini sina wa kumwambia. Nina miaka 27, nafanya kazi kwenye shirika dogo lisilo la kiserikali, tuko watu tisa tu, na kazi yetu kubwa ni kufundisha kusoma watoto wa darasa la tatu na la nne ambao wameachwa nyuma na wenzao. Tunakaa nao baada ya vipindi, siku tatu kwa wiki, kwenye shule moja. Mi niliajiriwa kama msaidizi wa mradi, lakini mwaka jana yule dada aliyekuwa anashughulika na M&E, yaani ufuatiliaji na tathmini, akapata kazi kwingine, bosi akanigeukia akasema wewe si unajua Excel, basi wewe ndo mtu wa tathmini. Ndo hivyo, nikalala msaidizi nikaamka mtaalamu.

Sasa iko hivi. Mwanzo wa mwaka tulipima watoto 240, madarasa yote mawili, tukachukua 120 wa chini wakaingia kwenye mradi. Wastani wao ulikuwa alama 31 kwa 100. Mwisho wa mwaka tukawapima tena, wastani ukawa 47. Bosi alivyoona akapiga makofi kabisa, akaniambia andika ripoti, na kichwa cha habari tayari anacho, kwamba mradi umepandisha uwezo wa kusoma kwa zaidi ya asilimia 50, kwa sababu 16 ukigawa kwa 31 inakuja 51 na kitu.

Mi nilikuwa nimeshaanza kuandika. Siku hiyo mwalimu mmoja wa pale shuleni akaniletea bahasha, ndani kuna karatasi za wale watoto wengine 120 ambao hawakuwa kwenye mradi, kumbe shule iliwapa jaribio lile lile wao wenyewe, hakuna aliyewatuma. Nikakaa nikajumlisha. Wale wametoka 52 wakaenda 63! Wamepanda alama 11 na sisi hatujawafundisha hata herufi moja. Nikahisi kama nimemwagiwa maji ya baridi.

Afu kuna kitu kingine ambacho nilikuwa nakiona ila nakipita. Katika wale 120 wetu waliofanya jaribio la mwisho ni 78 tu. Wengine walihama, wengine waliacha tu kuja. Nilivyomuuliza bosi akasema hao hawapo, tunahesabu waliopo.

Lakini Shangazi kuna mama mmoja alikuja ofisini analia kwa furaha, anasema mwanae sasa hivi anamsomea barua na yeye mwenyewe hajui kusoma. Yule mtoto namjua, mwanzo alikuwa hatambui hata "ba". Bosi anataka ushuhuda wa huyo mama uwe ukurasa wa kwanza. Na ni wa kweli! Kwa hiyo sijui niamini nini, bahasha au machozi.

Nilipojaribu kumwambia bosi kuhusu zile alama 11 akanijibu mfadhili ameridhika, wewe unataka kutufungia ofisi? Nikanyamaza.

Naomba uniambie, mradi wetu unafanya kazi au haufanyi? Na hii kazi ya tathmini mtu anaanzia wapi kujifunza, maana nikifungua vitabu naona bango kitita na viashiria na nadharia ya mabadiliko, nafunga. Na ripoti niiandikeje?

Na lingine, kuna kozi ya wiki mbili nimeiona, ada yake ni kama mshahara wangu wa miezi miwili. Niilipie?

Ni mimi, Mtu wa Excel


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, hujambo.

Kwanza nikucheke kidogo halafu tuendelee. Mimi ripoti yangu ya kwanza, na ni zamani kweli, nilihesabu watu waliosaini karatasi ya semina nikaandika "wananchi 214 wamewezeshwa". Wamewezeshwa kufanya nini sijui mpaka leo. Hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo wewe uliyeletewa bahasha ukakaa ukajumlisha badala ya kuisukumia chini ya droo, tayari umenipita mimi wa wakati ule kwa mbali sana.

Unaniuliza mradi unafanya kazi au haufanyi. Sijui. Na bosi wako hajui, na mfadhili aliyeridhika hajui pia, ameridhika tu. Ila unavyo karibu vyote vya kukusogeza kwenye jibu na viko humo humo kwenye Excel yako.

Tuanze na hiyo asilimia 50. Alama zimepanda 16. Basi, ziite 16. Ukigawanya kwa namba ndogo ya mwanzo chochote kinaonekana kikubwa, mtoto akitoka alama 2 akafika 4 utasema uwezo umeongezeka asilimia mia? Lakini hilo ni dogo, hata lingebaki halingeniudhi kama lile la 78.

Angalia vizuri. Ile 31 ni wastani wa watoto 120. Ile 47 ni wastani wa watoto 78. Hayo ni makundi mawili tofauti yaliyovalishwa jina moja. Chukua timu ya mpira, watoe wachezaji wafupi, wastani wa urefu utapanda na hakuna mtu aliyerefuka hata sentimita moja. Sasa hao 42 waliopotea ni akina nani? Kwa uzoefu wangu wanaoacha kuja wengi huwa ndo wale waliokuwa chini zaidi, kila siku anakaa pale haelewi anachoka anaacha, ingawa waliohama mji ni habari nyingine, hao wanaweza kuwa wa aina yoyote. Kwa hiyo leo leo kabla hujafanya kitu kingine chuja hao 78 peke yao uangalie WAO walianza na ngapi. Tuseme kwa mfano tu unakuta walianza na 38. Basi wamepanda alama 9, sio 16, na wale wa kwenye bahasha wamepanda 11. Umeona ripoti inavyogeuka? Na inawezekana pia ukakuta walianza na 31 ile ile, ukashusha pumzi. Sikutishi, nakwambia tu kwamba hilo jibu liko umbali wa kubofya mara tatu na hakuna aliyebofya. (Na wale wa bahasha pia wahesabu, je wote 120 walifanya jaribio la mwisho au na wao kuna waliopotea? Haki iwe kwa wote.)

Sasa bahasha. Kitu ambacho yule mwalimu amekuletea, bila yeye kujua pengine, ndo kiini cha kazi yote ya tathmini. Watoto wanakua. Wanaenda shule, wanafundishwa asubuhi, wanasoma mabango njiani, wanafundishana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka ukipita watasoma vizuri zaidi hata shirika lenu lingekuwa halijazaliwa. Ukipima kabla na baada peke yake unajipa sifa za mradi, za mwalimu wa asubuhi, za umri, zote unabeba wewe. Swali la tathmini ni kwamba wangekuwa wapi hawa hawa bila sisi, na kwa sababu hatuwezi kuwafanya watoto waishi mwaka uleule mara mbili tunatafuta wengine wanaofanana nao tuwaangalie hao. Hayo mengine yote uliyoyakuta kwenye vitabu yanazunguka hapo hapo.

Ila usikimbilie kutoa 16 kwa 11 ukasema basi mradi umeleta alama 5. Nakuona ukifanya hivyo. Wale wa bahasha hawafanani na wenu, nyie mlichukua wa chini kwa makusudi. Na hapo kuna mitego miwili inayovuta pande tofauti.

Mtego wa kwanza, siku ile ya jaribio la mwanzo kuna mtoto aliamka na homa, mwingine hakulala, mwingine aliogopa tu akajaza ovyo, hao wakapata alama za chini kuliko uwezo wao na nyie mkawachukua. Siku ya pili homa imepona, alama zimepanda, mradi unapewa shukrani za homa kupona. Ukichagua watu kwa kuwa wamekuwa wa mwisho, sehemu yao watapanda tu wenyewe, ni sheria ya hesabu, na kwa wale wa juu ni kinyume chake, waliobahatika siku ile watashuka kidogo. Mtego wa pili, mtoto aliyeachwa nyuma kwa kawaida huzidi kuachwa, maana mwalimu wa asubuhi anakimbia na silabasi na yeye bado yuko kwenye herufi. Kwa hiyo inawezekana bila nyie hao wenu wangepanda alama 3 tu, au wasipande kabisa, na hizo mlizopata ni kazi kubwa. Kipi kina nguvu zaidi? Kwa hizo wastani mbili huwezi kujua.

Lakini we una bahati, tena bahati kubwa sana, na ningekuwa na wewe ofisini ningekukumbatia. Mlichagua kwa alama! Mmepanga watoto 240 kwenye mstari, mkakata katikati. Tuseme mkato ulikuwa kwenye 41. Mtoto aliyepata 40 akaingia kwenye mradi, aliyepata 42 akabaki nje. Niambie, hao wawili wana tofauti gani? Hamna. Alama mbili ni swali moja, ni kukohoa katikati ya sentensi. Kwa hiyo achana na wa chini kabisa na wa juu kabisa, chukua wale waliozunguka mkato, tuseme waliopata 36 mpaka 41 uwalinganishe na waliopata 42 mpaka 47, hao ni karibu watoto walewale na kilichowatenganisha ni mradi wenu. Ukiona mwisho wa mwaka wa upande wa chini wamewafikia au wamewapita wa upande wa juu hapo una kitu cha kusema. Ukiona wameachana vilevile kama mwanzo, una kitu cha kusema pia ila hakifurahishi. Watafiti wakubwa wanaitumia mbinu hii na wana jina refu la kuiita, we chora tu, alama za mwanzo huku chini, alama za mwisho huku pembeni, kila mtoto nukta moja, piga mstari pale mlipokata, uangalie kama kuna mruko, yaani nukta zimebadilika ghafla pale pale kwenye mkato. Onyo ni kwamba hapo watabaki labda watoto ishirini ishirini kila upande, na kwa namba hiyo watoto watatu wakiwa na siku nzuri wanakubadilishia jibu. Na jibu lenyewe litakuwa linawahusu hao wa karibu na mkato, yule wa alama 8 halimsemei. Lakini bado ni afadhali mara kumi ya hiyo asilimia 50.

Usidhani ni nyie wadogo tu mnaodanganywa na ulinganisho mbaya. Kule magharibi mwa Kenya kuna watafiti, mmoja wao Michael Kremer ambaye mwaka 2019 alipata Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walikuwa wanataka kujua kama zile chati kubwa za kufundishia zinasaidia watoto kwenye mitihani. Wakalinganisha shule zilizokuwa nazo tayari na ambazo hazina, jibu likatoka tamu, chati zinapandisha alama vizuri tu. Wakachukua sasa shule 178, wakagawa nusu zipewe chati na nusu zisipewe, bila upendeleo, kisha wakapima. Tofauti karibu na sifuri. Chati ni zilezile, nchi ni ileile. Kumbe shule zenye chati zilikuwa na mengine mazuri pia, na chati ilikuwa imekaa tu ukutani inapokea sifa. Matokeo hayo yalichapishwa 2004 na mimi kila nikiona ripoti inayolinganisha "waliojiunga" na "wasiojiunga" nazikumbuka hizo chati.

Tuje kwa mama na machozi yake, maana hapa ndo najua moyo wako uko.

Mama anasema kweli na mtoto anasoma kweli. Sikatai. Lakini mama hajui mtoto wake angekuwa wapi bila nyie, na wewe hujui, hata mtoto hajui. Na wale 42 walioacha, mama zao walikuja ofisini? Anayekuja kulia kwa furaha ni yule aliyefurahi.

Kuna kisa kimoja kinaniumiza mpaka leo nikikikumbuka. Massachusetts huko Marekani, mwaka 1939, ulianza kazi mradi wa kuwasaidia wavulana wasije wakaingia kwenye uhalifu. Waliwapanga wawili wawili wanaofanana, wakarusha sarafu, mmoja apate huduma mwenzake asipate. Na huduma ilikuwa nzuri, washauri wanatembelea familia nyumbani, wanasaidia masomo, matibabu, kambi za likizo, wastani wa miaka mitano. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta, wavulana 506, sasa ni watu wazima. Theluthi mbili ya waliohudumiwa waliomjibu wakasema mradi uliwasaidia, wengine wakataja washauri wao kwa majina. Lakini alipofungua kumbukumbu za mahakama, za hospitali, za vifo, waliohudumiwa walikuwa na hali mbaya KULIKO wenzao ambao hawakupewa chochote. Walirudia makosa zaidi, dalili za ulevi zaidi, waliokufa walikufa mapema zaidi. Bila ile sarafu tungekuwa na theluthi mbili ya watu wazima wanatoa ushuhuda mzuri na mradi ungesambazwa dunia nzima. Yaani mtu anaweza kukushukuru kutoka moyoni kwa kitu kilichomwumiza.

Sisemi nyie mnaumiza watoto, hapana. Nasema ushuhuda wa mama uweke, una kazi yake, unamwonyesha msomaji kwamba hizi alama ni watu. Ila usiukalishe kwenye kiti cha ushahidi. Na ukimweka huyo, mtafute na mama mmoja wa mtoto aliyeacha, umuulize kwa nini. Nakuhakikishia hayo mazungumzo ya nusu saa yatakufundisha kuhusu mradi wenu kuliko dodoso la kurasa kumi. Na usimtume mwalimu wa mradi akaulize, nenda wewe au mtu mwingine kabisa, kwa sababu hakuna mzazi atakayemwambia mwalimu usoni kwamba unamboa mtoto wangu. Ndo maana hata lile swali la "je umeridhika na mafunzo" kila shirika linapata asilimia 90 na kitu. Watu wana adabu.

Sasa ngoja nikuulize mimi. Kati ya hao 78, kila mmoja alihudhuria vipindi vingapi? Daftari la mahudhurio liko wapi? Hujalitaja kabisa kwenye barua yako na hiyo inanitia shaka kuliko hata zile alama 11. Siku tatu kwa wiki kwenye karatasi. Kwa kweli ni ngapi? Wakati wa mitihani mnafanya? Mvua ikinyesha? Mwalimu akiumwa kuna wa kushika nafasi yake? Nimewahi kutathmini mradi ambao matokeo yalikuwa sifuri, watu wakaanza kubishana kuhusu mbinu ya ufundishaji wiki nzima, mpaka mtu mmoja akaenda akahesabu, kumbe vipindi vilivyofanyika kweli havikufika nusu ya vilivyopangwa. Dawa haikushindwa, haikunywewa. Kwa shirika la watu tisa hii ndo tathmini ya kwanza mnayotakiwa kuijua vizuri, kila wiki, na haihitaji mtaalamu, inahitaji daftari la ukweli na mtu wa kutokea pale bila taarifa mara mojamoja.

Na jaribio lenyewe je? Mwanzo na mwisho mlitumia karatasi ileile? Kama ni ileile kuna watoto waliikariri, tena wenu zaidi kama walimu wenu waliwafanyisha mazoezi yanayofanana nayo. Aliyesahihisha ni nani, mwalimu wa mradi? Sio kwamba ni mwongo, lakini mtu anayempenda mtoto akimsikia anababaika anamsaidia hata kwa macho. Mwakani badilisheni. Mfano mzuri ni ule wanaotumia India kwenye upimaji wao wa ASER tangu 2005, na baadaye mpango unaoitwa Uwezo wakauchukua kwa Kenya, Tanzania na Uganda. Mtoto anakaa na mtu mmoja, anaonyeshwa karatasi, herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi, inaandikwa amefika wapi. Ni hivyo tu. Badala ya kusema wastani umetoka 31 kwenda 47, kitu ambacho hakuna anayejua kinamaanisha nini, unasema watoto kadhaa walikuwa hawasomi neno na sasa wanasoma aya. Hata huyo mama ataielewa ripoti akisomewa.

Halafu mwakani mkipata watoto wengi kuliko nafasi, na mtapata, msichague tena wa chini peke yao. Wachukueni wote wanaohitaji, pigeni kura hadharani mbele ya wazazi, nusu waanze muhula wa kwanza, nusu wangoje muhula wa pili, mpime wote kabla ya hao wa pili kuanza. Hakuna anayenyimwa, ni foleni tu, na foleni ingekuwepo hata hivyo maana walimu hamna. Mexico walifanya kitu cha namna hiyo na mpango wao wa Progresa wa kuzipa fedha familia maskini ili watoto wabaki shule, vijiji 506, vikachaguliwa kwa bahati nasibu 320 vianze 1998 na 186 vingoje mpaka mwisho wa 1999, na kwa sababu ya huko kungoja ndo dunia ikajua kwamba watoto kweli walienda shule zaidi. Nyie ni shule moja, hamtakuwa na uhakika kama wao, na mkipata jibu la wasiwasi kubalini ni la wasiwasi.

Bosi wako. Mwanangu, huyu sio mtu mbaya, ni mtu mwenye mishahara tisa kichwani. Usimwendee mbele ya watu, na usimwendee na neno "mradi haufanyi kazi" kwa sababu hujui hilo na litamfunga masikio. Mwendee na karatasi moja ile yenye nukta na mkato, umwambie bosi, hizi alama 11 za wale wengine yule mwalimu anazijua, shule nzima inazijua, siku mfadhili akitembelea mtu atazitaja, bora zitoke kwetu na maelezo yetu. Hiyo ni lugha ya bosi. Nimeona wafadhili wanaokasirika wakiambiwa ukweli, wapo, sitakudanganya. Lakini nimeona wengi zaidi wanaokasirika wakigundua walifichwa.

Ripoti iandike hivi, kwa Kiswahili cha kawaida. Watoto 120 waliingia, 78 walimaliza, hawa 42 tunajua hivi kuhusu wao na haya hatuyajui. Hao 78 walianza hapa wakaishia hapa. Watoto wasiokuwa kwenye mradi nao walipanda kiasi hiki, kwa hiyo sehemu ya kupanda huku si yetu. Tulivyoangalia wa karibu na mkato tumeona hiki. Vipindi vilivyofanyika ni vingapi kati ya vilivyopangwa. Mwakani tunabadilisha haya. Neno "umewezesha" lisionekane. Na kama bosi ataendelea kutaka asilimia 50 kwenye kichwa cha habari basi mwambie kwa adabu aandike sentensi hiyo yeye na asaini yeye, jedwali lako libaki kama lilivyo na nakala uweke.

Hiyo kozi, usilipe. Sio kwamba ni mbaya, sijaiona. Lakini wiki mbili za kufundishwa kujaza bango kitita, lile jedwali la malengo na viashiria vya mradi, wakati hujawahi kuchora nukta za watoto wako mwenyewe zitakupita tu. Maliza kwanza haya, chuja 78, chora mkato, hesabu vipindi, ongea na wazazi watano wa walioacha. Ukishafika pale ambapo una swali maalum limekushinda, kwa mfano watoto wangapi wanatosha ili tofauti iaminike, hapo tafuta darasa, na kuna masomo mengi ya bure mtandaoni ya hawa hawa watafiti wa kupima miradi kwa bahati nasibu. Na bosi akikupandisha cheo kuwa mtu wa tathmini bila kukupandisha mshahara, hiyo ada ni ya ofisi, sio yako.

Ukishachora nitumie picha, nataka kuona kama kuna mruko pale kwenye mkato. Futa majina ya watoto kwanza.

Shangazi